Mheshimiwa Mara Mbili

Saa nne na dakika kumi asubuhi, katibu wa bunge la jimbo aliita jina la mbunge mmoja, na hakuna aliyeitika. Dada yake mbunge huyo, mkunga, alikuwa kwenye viti vya wageni akiwa amevaa sare yake ya kazi. Hoja ilikuwa moja: wodi ya wazazi anayoihudumia ifungwe au ibaki.

Watu walimwita mdogo wake Mheshimiwa Mara Mbili, kwa kuwa alikuwa pia na kiti katika bunge la taifa. Mkunga alitoka nje akampigia simu.

"Dada, nipo bungeni," alinong'ona.

"Bunge lipi, wewe? Huku kiti chako kipo wazi kama pengo la kibogoyo!"

"La taifa. Nasubiri zamu nichangie kuhusu afya ya mama na mtoto. Utanisikia redioni."

Mkunga alikata simu, akarudi ndani. Ishirini na mmoja walitaka wodi ifungwe, ishirini walikataa. Mdogo wake angekuwepo, kura zingelingana, hoja ingeanguka.

Saa tisa alasiri mbunge alifika, akaomba kitabu cha mahudhurio ili asikose posho ya siku, akatia sahihi, dada yake akimtazama.