Nyumba Iliyobaki Pembezoni mwa Picha

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wanachama wa Klabu ya Viwanja vya Zamani walikusanyika katika ukumbi wa kijiji cha Saxworth, Norfolk, wamevaa makoti ya mvua na kufunika vikombe vyao vya chai kwa visahani. Mchezo wao haukuwa na makuu. Mmoja alileta picha ya zamani ya kiwanja cha ndege, iliyopigwa kutoka angani, na wengine wakabahatisha ni kiwanja gani. Aliyekosea alitaniwa. Aliyepatia aliifanya hali ya hewa ya siku picha ilipopigwa itoke pichani, na kwa kuwa Norfolk haiishiwi upepo, makoti yalikuwa ya lazima. Mwezi mmoja wa Julai theluji iliangukia biskuti, wakazila hivyo hivyo.

Kanuni moja waliishika kuliko zote: mleta picha alizikata kingo zake kwa mkasi kabla ya kuja. Makanisa, vichochoro vya mashamba na nyumba za watu vilikatwa, maana vilirahisisha mno. Zikabaki njia za kurukia ndege, mabanda na matangi ya maji. Vipande vilivyokatwa viliwashia jiko.

Winifred Thirkettle, mwanamke wa miaka themanini na ushei, alijiunga kwa shida yake mwenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mama yake, Mabel, alihamishwa na jeshi kutoka shamba la Goslin, lililotwaliwa kujengwa kiwanja cha ndege, akiwa na mtoto kiunoni, ndiye huyo Winifred, akaahidiwa kurudi vita vikiisha. Vita viliisha. Shamba halikuonekana tena, hata kwenye ramani. Mabel alikufa akiwa amemwapisha binti yake amrudishe nyumbani, na tangu hapo majivu ya mwili wake yalikaa ndani ya kopo juu ya kabati la vyombo yakingoja mtu ajue nyumbani ni wapi. Winifred alijua mambo mawili tu: nyumba ilikuwa na dohani mbili, na mti wa peasi mlangoni, pale njia inapopinda. Akawa anautafuta mti huo katika picha zilizokwisha kukatwa miti. Jambo hilo lilimuuma, lakini mchezo aliupenda, na alikuwa hodari.

Alhamisi moja mwenyekiti, Clifford Gathercole, alisahau miwani nyumbani kwa dada yake, akaileta picha nzima bila kuikata.

"We Cliff, umetuletea mpaka mabanda ya kuku!" alisema Barry Utting, ambaye ulimi wake haukuwahi kupoa. "Leo hata paka wangu atapatia."

"Basi patia wewe kabla ya paka."

"Langsea."

Picha ilitulia.

"Thrigmoor, basi."

Picha ikazidi kutulia.

"Kamlete paka, Barry," alisema Gathercole.

Winifred hakuziangalia njia za kurukia ndege. Aliangalia pembeni, mbele ya matingatinga, palipokuwa na nyumba moja isiyobomolewa bado. Dohani mbili. Mti. Akaweka kikombe chini.

"Goslin," alisema.

"Goslin si kiwanja, Winnie," alisema Gathercole kwa upole. "Kanuni inataka jina la kiwanja."

Picha haikujali kanuni. Upepo wa Septemba ulitoka ukinuka peasi zilizoiva na dizeli, ukamvua Utting kofia, na nyuma ya upepo akatoka Mabel, kijana wa miaka ishirini na sita, mkoba mkononi. Hakuwa na mtoto, kwa sababu mtoto alikwisha kutoka siku nyingi na alikuwa ameketi mstari wa mbele. Gathercole alimsogezea kiti. Utting aliokota kofia yake akasema jibu lile lihesabiwe nusu alama.

Mabel alimkagua binti yake kuanzia nywele hadi viatu.

"Winnie! Nani kakuzeesha hivi, mwanangu?"

"Miaka tu, mama."

"Na hicho kichwa hukichani?"

Winifred alicheka huku machozi yakimtoka. Alifurahi kupita kiasi. Alimmiminia chai, na Mabel, alipoona sukari imejaa bakuli na hakuna anayeigawa kwa kipimo kama wakati wa vita, akatia vijiko bila kuhesabu. Kisha akauliza, "Jeshi limetufungulia shamba?"

Gathercole alilinganisha picha na ramani ya leo, kisha akawapeleka kwa gari lake. Goslin sasa palikuwa na uzio, mabanda marefu, na lango lenye mlinzi aliyekuwa akila mkate.

"Humu ni mali ya kampuni, akina mama. Wanafugwa bata mzinga tu."

"Nyumba yangu iko nyuma ya banda lile," alisema Mabel. "Niliambiwa ni mpaka vita viishe."

"Vita gani, dada?"

Mabel alimweleza. Mlinzi alipiga simu ofisini, akasikiliza, akarudi. Ofisi ilisema ardhi ilinunuliwa kihalali, na kabla ya jeshi ilikuwa nyika isiyo na mtu. Winifred alimwonyesha picha.

"Nyumba naiona," alisema mlinzi. "Tena nzuri. Ila ofisi haiangalii picha."

Wakarudi nyumbani kwa Winifred. Mabel alifuta vumbi kabati la vyombo, akauliza lile kopo ni la nini.

"Ni wewe, mama."

"Loo, mlinichoma kweli kweli," alisema Mabel, akalirudisha kopo mahali pake.

Alhamisi iliyofuata klabu ilijadili kanuni. Wote walikubaliana kwamba Mabel ni mtu mzuri. Wote walikubaliana pia kwamba picha zisizokatwa zinaharibu mchezo, tena viti vya ukumbi havitoshi. Mkasi ukabaki. Mabel alipiga kura ya kuukataa, akashindwa, kisha akambwaga Utting mara tatu mfululizo na kumpa pole kwa niaba ya paka.

Majira ya kuchipua yalipofika, Winifred aliamua kupaka rangi chumba cha mama yake.

"Chagua, mama. Njano au kijani?"

"Usipoteze rangi yako bure, mwanangu. Hatukai sana hapa."

"Mama, vita viliisha zamani."

"Najua viliisha," alisema Mabel, akimenya viazi. "Tunawangoja wenye lango wapate habari."