Alizeti za Kivulini

Ninahazwe alipenda usafi mno. Kwao Rumonge, uwanja wenye majani makavu ni uwanja wa mvivu, na mabua ya alizeti yakishakauka hung'olewa, huchomwa, basi. Ndivyo alivyofanya Julai, wakati wa baridi huku kusini, katika bustani ya mwajiri wake Mama Bilha, pale Glenwood, chini ya miti mikubwa, ili mama mwenyewe akitoka hospitali akute pamependeza.

Mama Bilha, mwalimu mstaafu kutoka Kakamega, alirudi na mkongojo. Hata hajaketi, akauliza alizeti zake.

"Zilikufa, mama. Nikazitoa."

"Kwani hizi ni za kukamua mafuta, Nina? Hizi ni za msituni, za kivulini! Baridi ikija zinalala mizizini, joto likirudi zinaamka zenyewe. Na yale majani ndiyo blanketi yao!"

Binti yake Carol, aliyeegemea mlango na simu mkononi, akacheka. "Basi blanketi limechomwa. Mum, si uliniambia nisikate miti hii inayoyapa kivuli, ningoje Oktoba nione maua? Nitangoja. Yasipotoka, miti inakatwa, tunajenga vyumba vya wanafunzi."

Ninahazwe hakuambiwa, ila alielewa: kibanda anacholala kiko nyuma ya miti hiyo, na kazi yake ni bustani hiyo.

Akapekua jivu kwa vidole. Mizizi mingi ilikuwa makaa. Michache ilikuwa na unyevu bado. Akaifukia, akaokota majani barabarani akaifunika, akawa anainyunyizia maji. Kila alfajiri alichuchumaa pale kama mtu anayengoja mtoto mgonjwa aombe uji.

Mvua za kwanza zilipopita, kikachomoza kichipukizi. Akaenda mbio kumwita Mama Bilha. Mama akainama taratibu, akasugua kijani kile, akanusa vidole.

"Gugu, mwanangu."

"Tuliache tu, mama. Carol atajulia wapi?"

"Mimi nimejua."

Mama Bilha akaling'oa mwenyewe, akarudi ndani akiburuta mguu.

Watu wa misumeno walifika Jumatatu ya mwisho ya Oktoba. Pazia la Mama Bilha halikufunguliwa. Mkubwa wao, kijana wa Kizulu mpole, alizunguka miti akiigongagonga, kisha akachungulia kibandani.

"Eish, dada, vitu vyako bado viko humu? Mti huu utaangukia huku."

Ninahazwe akaingia kukunja godoro.