Wafanyakazi Hewa wa Mjomba

Asubuhi hiyo mjomba alikuwa amemfukuza mkataji wetu wa nguo, na alitaka kumfuta kwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. Fundi wa kompyuta, tunayemwita Bwana Waya, alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Mjomba akatoa neno la siri kwenye bahasha aliyoachiwa, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, kisha faili la majina. Akatoa macho.

"Karakana hii ina watu sita," alisema. "Hapa wako thelathini na tano. Hawa ni wafanyakazi hewa. Huyu root ni nani? Nilimwajiri lini?"

Akamfuta mkataji, kisha wote asiowajua, mmoja baada ya mwingine, huku akipiga mluzi. Akahifadhi.

Haukupita muda, mashine ya kudarizi ikagoma. Nayo ina akaunti yake, ambayo huitumia kuchukua michoro kwenye kompyuta, na mjomba alikuwa ameifagia pamoja na wengine. Magauni arobaini ya wauguzi yalikuwa yamebakiza nembo ya mfukoni tu. Gari la hospitali lingefika saa nane mchana. Yasipokuwa tayari, kazi ya mwaka mzima ingekwenda kwa jirani.

"Zima, washa," alisema Mama Pasi, anayenyoosha nguo na asiyekosa dawa ya jambo lolote. "Pasi yangu ikinuna huwa nafanya hivyo."

Mjomba akapeleka mkono kwenye swichi.

Nilikuwa mlangoni na fagio langu. Mimi hata salamu huitikia kwa kichwa. Lakini mwaka mzima nilikuwa vidole vya Bwana Waya. Macho yake hayasomi herufi ndogo, basi yeye husema, mimi naandika, kisha namsomea kilichojitokeza. Watu walidhani namshikia miwani.

"Mjomba, usizime," nilisema. "Wala usifunge hilo dirisha."

Wote wakageuka. Nilitamani sakafu inimeze.

"Kumbe ana ulimi," alisema Mama Pasi.

"Root ndiye mwenye funguo zote, mjomba, na umemfukuza. Sasa hivi bado uko ndani. Ukitoka, hakuna wa kukufungulia."

Mjomba aliurudisha mkono kama aliyegusa jiko. Kisha akainuka, akanipisha kiti chake.

Bwana Waya aliwahi kunieleza kwamba akaunti zikibadilishwa kwa amri zake, kompyuta huweka nakala ya faili la awali, jina lile lile likiwa na kistari mwishoni. Mjomba alifuta kwa mkono, kwa hiyo nakala haikuguswa. Niliifungua kwanza, nikahesabu. Mistari thelathini na mitano, na kila mstari una alama ya nukta mbili mara sita, kama vifungo vya shati. Hakuna kifungo kilichokatika. Nikaandika amri ya kuinakili juu ya faili lililoharibiwa:

cp /etc/passwd- /etc/passwd

Kompyuta haikujibu kitu.

"Imekataa?" aliuliza mjomba.

"Ikinyamaza, imekubali."

"Kama wewe tu," alisema Mama Pasi.

Chumba cha pili, mashine ya kudarizi ikaanza kunguruma. Saa nane kasoro robo Mama Pasi alikuwa anakunja gauni la arobaini, na dereva wa hospitali alilikuta bado na joto.

Mjomba alirudi chumba cha kompyuta. "Na yule mkataji?"

"Anafungiwa, hafutwi," nilisema, nikaandika passwd -l na jina lake. Ikawa imekwisha.

"Akaunti yako ni ipi?"

"Sina."

"Basi jiandike."

Mara ya mwisho kuona jina langu kwenye orodha nilikuwa darasa la sita, na mwalimu alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu. Niliandika useradd, nikaandika jina langu herufi kwa herufi. Nilipofika kwenye neno la siri, mjomba aligeukia ukutani bila kuambiwa.

Nikafungua faili, nikahesabu tena. Thelathini na sita. Wa mwisho ni mimi.