Waragi ya Jiko la Akram

Mwanangu Akram alipanda Mlima Elgon mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda ngazi za ghorofa, na kila mara alirudi mzima. Kisha akafa mjini, mtaa wa Kamwokya, mchana, kwenye lami, juu ya bodaboda. Sina la kuongeza hapo. Watu wa mtaa wetu wa Namuwongo walikuja, wakakaa mkekani, wakanitazama usoni wakisubiri machozi, nami nikawatazama wao. Wifi yangu Husnah alinifinya mkono kidogo ili kunisaidia. Haikusaidia.

Baadaye, watu walipokwisha kurudi makwao, akaja Jasper, anayeishi kambi ya polisi ya Nsambya. Yeye na Akram walikuwa wakiongoza wageni mlimani pamoja. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mama, mimi natoka Jumamosi na wageni," akasema. "Akram alikuwa anatengeneza ile jiko. Kama iko hapa, naomba nibebe tu. Hata kama haijaisha."

Nilijua lilipo. Lilikuwa chini ya cherehani yangu, kwa sababu mimi ni fundi wa kushona na mwanangu aliona nyumba nzima ni karakana yake. Lilikuwa vitako viwili vya makopo ya soda, kimoja kimesukumwa ndani ya kingine, na pembeni vishimo vilivyotobolewa kwa sindano zangu, bila ruhusa. Unamimina spiriti, unawasha, moto unatokea vishimoni, unaweka kikombe cha bati juu. Ni jepesi kuliko kitambaa cha mfuko mmoja wa suruali. Akram alikuwa akisema mtu anayebeba nyumba yake mgongoni anaona uzito hata wa kijiko. Alikuwa amekata hata mpini wa mswaki wake.

Lakini jiko hili la mwisho alitaka liwake kwa waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Huko juu, alisema, hakuna duka la dawa la kuuza spiriti, ila waragi haikosekani kijiji chochote. Taabu ni kwamba waragi ina maji ndani yake. Moto wake ni mlegevu, unazimika kabla chai haijachemka. Hapo ndipo alipokwama, na hapo ndipo alipoliacha.

"Jumamosi utalikuta limekwisha," nikamwambia Jasper.

Sikuwa na hamu ya jiko. Sikuwa na hamu ya kitu chochote. Siku hizo hata chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Lakini lile lilikuwa kitu cha mwisho alichokishika, na nikilitoa likiwa bovu lingetupwa vichakani huko mlimani, na basi. Hilo sikulitaka.

Kwa hiyo nikaenda kwa Alum, anayeuza waragi karibu na reli. Nikamwomba ile ya mwanzo, inayodondoka kabla ya nyingine inapopikwa, maana ndiyo kali. Akautazama mtandio wangu, kisha chupa yangu tupu.

"Mama Akram, pole bambi, hii mtu hanywi hivihivi."

"Sinywi."

"Kale, haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa hivyo na wateja wake wote.

Mtu anayejaribu jiko humaliza chupa upesi. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, mchana kweupe, chupa mkononi. Sikuificha. Hapo nilikosea, kwa sababu mwanamke wa Kiislamu anayeficha chupa angalau anaonekana ana haya.

Nyumbani nilitoboa vitako vipya, vishimo vichache na vyembamba zaidi. Nikakata bati la kopo la maziwa ya unga, nikalizungusha kama kinga ya upepo. Mwisho nikachukua vipande vya kitambaa cha pamba vilivyobaki nilipokata kanzu ya mteja, nikavikunja kama utambi, nikavisokomeza kati ya kuta mbili za kopo, ili waragi ipande juu ipate joto kabla ya kuungua. Moto ukasimama vizuri kidogo. Maji yakaanza kutoa mapovu. Kila yalipopoa niliyamwaga, maana chai sikuitaka.

Alhamisi akaja Hajji Sebit. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye msemaji wa familia, na kofia yake haijawahi kukaa upande. Alinikuta uani, juani, nimechuchumaa, jiko mbele yangu na chupa pembeni.

"Mama Akram, watu nasema wewe nakunywa."

"Watu gani?"

"Watu yote."

Akainama akanusa mbele ya mdomo wangu, kama mtu anayekagua maziwa.

"Mdomo haina harufu," akakiri. "Lakini hii chupa ni ya nani?"

"Yangu."

"Mutoto amekufa, wewe hata kulia haujalia. Sasa iko pombe. Mimi nimeambia familia nitamaliza hii maneno leo."

Akainyakua chupa, akaiinamisha amwage palepale miguuni pake.

"Hajji, si hapo. Jiko linawaka."

Akatazama kopo. Moto wa pombe juani hauonekani kabisa. "Jiko gani nawaka? Mimi sioni kitu."

Nikavuta uzi kwenye gauni langu, nikaushusha juu ya kopo. Uzi ukashika moto, ukaisha. Hajji akasimama vilevile, chupa mkononi. Kisha akanyoosha mkono wa pili juu ya jiko, taratibu, akauacha pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mikono hiyo ndiyo iliyompokea Akram kaburini.

"Ni ya Akram?"

"Alianza yeye. Jasper analichukua Jumamosi."

Akaenda hadi kwenye mfereji akaimwaga waragi yote, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaahidi watu. Akiondoka akapita kwa Alum kumkataza kuniuzia. Nilijua ninapaswa kukasirika. Niliitafuta hasira nikaikosa, nikarudi kushona sare za shule.

Ijumaa asubuhi Alum alinitikisia kichwa kabla sijafika. "Hajji amekataza. Mimi sitaki vita na msikiti." Spiriti ya duka la dawa ingewaka vizuri, na isingenionyesha lolote. Utambi ule mpya nilikuwa sijaujaribu hadi maji yachemke. Kesho Jasper angebeba kitu ambacho hakuna aliyejua kama kinafaa, na mwanangu asingekuwepo kukirekebisha. Nikakaa mlangoni. Sikuwaza kitu.

Baada ya swala ya Ijumaa nikamwona Hajji Sebit anavuka reli, kanzu nyeupe, kofia sawasawa, na kwapani kitu kimefungwa kwa gazeti. Akaingia, akakifungua, akakiweka juu ya cherehani. Ilikuwa chupa, imejaa.

"Nimemwambia Alum awashe kwanza ndani ya kijiko," akasema. "Nilitaka nione kama ni ile kali. Watu ya msikiti yote walikuwa napita."

"Watasema unakunywa, Hajji."

"Waseme." Akavua viatu. "Sasa onyesha mimi. Namimina wapi?"

Nikamtoa uani kwenye jiko, nikamwonyesha. Alimimina kwa uangalifu wa mtu anayempa mtoto dawa, hakumwaga hata tone. Akawasha kiberiti. Jua lilikuwa kali, hakuna kilichoonekana.

"Usiamini macho," nikamwambia. "Akram alisema weka mkono juu kwanza."

Akaweka. "Iko," akasema. Kisha akageuza uso ukutani, mabega yake yakatikisika, na mkono wake hakuuondoa.

Nikaweka wangu kando ya wake. Joto likanipanda hadi kiwikoni, na kifua kikaanza kuniuma, maumivu hasa, kama mguu uliokufa ganzi unapoamka. Tulipoondoa mikono nikabandika kikombe cha maji; yakachemka, yakaendelea kuchemka, kifuniko kikigonga.

"Sasa hii maji nafanya nini?" akauliza Hajji, bado amenipa mgongo.

"Usimwage," nikasema. Nikaingia ndani kutafuta majani ya chai.