Taa Haiingii Bandani

Jumatatu ile lori la maziwa lilifika kwa Lovina Gingerich kabla hajamaliza hata ng'ombe wa tatu. Dereva, Delmar, akapiga honi, akashuka.

"Mama Lovina, madebe yako wapi? Saa mbili hii!"

"Saa mbili ya nani? Litazame jua. Hii ni saa moja."

Delmar akacheka kwa aibu. Alikuwa mtu wa mjini, lakini miaka tisa ya kuchukua maziwa ya Waamish, wale Wakristo wa mashambani wasiotumia umeme, ilikuwa imemzoesha saa zao za aina mbili: ya haraka, yaani ya serikali, na ya polepole, ambayo ukutani kwa Lovina haikuguswa tangu aolewe. Miaka mingine haikuwa taabu. Serikali ilikuwa ikisogeza saa zote mbele kwa saa moja kila Aprili, na ndipo lori nalo lilipoanza kuja saa mbili, alfajiri imeshakuwa nyeupe. Mwaka huu bunge limeamua kuanza majuma matatu mapema, katikati ya giza la Machi.

"Wanasema tutaokoa umeme," Delmar akajitetea.

"Umeme!" Lovina akashika kiuno. "Mimi sina hata waya mmoja humu. Wanataka niwashe taa ili wao wazime zao? Hebu niondokee hapa!"

"Usinigombeze, mama, mimi natumwa tu. Ila Bwana Stroud, mwenye kiwanda cha maziwa, kasema atakayechelewesha mara tatu, jina linafutwa."

Lori likaondoka bila tone lake. Lovina alirudi kwenye kigoda. Maziwa ya wale ng'ombe kumi ndiyo yaliyomweka yeye na bintiye Edna kwenye shamba tangu awe mjane, na hakukuwa na kiwanda kingine kilichopokea maziwa ya madebe.

Jumanne lori likaondoka tena bila maziwa yake. Jioni akaja shemasi Menno, kofia mkononi.

"Dada Lovina, washa kandili ukamue mapema. Sisi si watu wa kushindana na dunia."

"Sishindani na mtu. Nangoja kupambazuke."

"Hicho ni kiburi, dada."

"Ndugu Menno, ni wewe uliyemtoa mume wangu Orva kwenye moto. Ulimtambua kwa uso?"

Menno akainamisha kichwa. Alimtambua kwa viatu. Alfajiri ile ng'ombe alipiga teke kandili, nyasi zikashika moto, na Orva akaingia kuwafungua wanyama. Wanaume wa kanisa walilisimamisha banda jipya kwa siku moja, na jioni hiyohiyo Lovina akaapa kwamba moto hautaingia humo. Tochi za betri kanisa halikuziruhusu. Basi alikamua kwa mwanga wa Mungu, na wakati wa baridi, lori lilipokuwa likija saa nne, hakuna aliyelalamika.

"Ikibidi nipige magoti mbele ya kanisa niungame, nitaungama," akasema. "Lakini taa haiingii bandani."

Jumatano, siku ya tatu, Stroud alikuja mwenyewe, giza likiwa totoro. Alikuwa mnene, koti zuri, hasira tele.

"Mama, nina wafugaji arobaini. Nikimngoja kila mtu na saa yake, nitafunga kiwanda. Anza kukamua sasa hivi, la sivyo leo ndiyo mwisho."

Edna akamshika mama yake mkono. "Mama, jamani, mara hii tu."

Lovina akajitoa. Akaenda jikoni, akarudi na kandili baridi na kiberiti, akamtangulia Stroud mpaka ndani. Humo hapakuonekana kitu. Ng'ombe walisikika wakitafuna, na harufu ya nyasi kavu ilijaa mpaka darini.

"Haya, Bwana Stroud. Mume wangu alifia hapo uliposimama, kwa taa kama hii. Mimi siwashi. Washa wewe."

Akamtilia kiberiti kiganjani. Njiti ilisikika ikitolewa. Lovina aliwaza shamba, akamwaza Edna. Asipokubali, basi. Wataondoka shambani kwa miguu yao, wakiwa hai.

Njiti ikarudishwa kwenye kiberiti.

"Kuna mahali pa kukaa?" Stroud akauliza.

Edna akamsogezea kigoda. Wakangoja wote watatu, nusu saa na ushei, mpaka nyufa za mbao zikaanza kuwa kijivu na migongo ya ng'ombe ikaonekana. Lovina akavuta ndoo, akaanza.

Delmar alipopiga honi nje, Stroud alitoka mlangoni akampigia kelele: "Nenda! Anzia mwisho wa barabara! Hapa uje ukimaliza wengine wote, na iwe hivyo mpaka Aprili!"

Akarudi ndani akijipangusa nyasi kwenye koti. Lovina hakumshukuru. Ndoo ya kwanza ilikuwa imejaa, akamsukumia kwa mguu.

"Debe liko pale," akasema. "Na usimwage."