Soda ya Kwenye Benchi

Pascasie alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuku hawajaamka, akafika Mbarara kwa afisa wa kazi na neno moja tu kifuani: arudishiwe kazi yake ya kupiga pasi mashuka hotelini. Bosi wake, Kizito, alimfukuza yeye peke yake, wenyeji akawaacha.

"Nyinyi wa kambi munanuka moshi," alimwambia mbele ya wenzake. "Mashuka yangu si ya wakimbizi."

Na sheria, Pascasie alikuwa amesikia, inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya alikotoka.

Kizito, naye aliyeitwa na afisa, alimkuta kwenye benchi, nje ya mlango. Alikuja na soda mbili, uso unacheka kama wa mtu wa harusini, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Astère, jua kali hili! Kunywa. Sisi ni watu, si mbwa."

Pascasie hakuwa na kiu. Lakini kwao Burundi, ukikataa kinywaji cha mtu umemwambia machoni kwamba ametia sumu. Akaonja kidogo, kwa adabu tu, chupa akaiweka chini. Kumbe Kizito amewaajiri Warundi miaka na miaka, desturi zao anazijua kuliko sala zake.

Ndani, afisa, mama wa Kinyankore, mwenyeji wa hapo Mbarara, aliyezibwa na mafaili mpaka kidevuni, hakuwahi kuuliza habari ya moshi. Kizito alimtangulia.

"Madamu, sisi tumeshapatana. Kwao mtu akinywa chako, ugomvi umekwisha. Muulize."

"Mama, ulikunywa?"

"Nilikunywa, madamu, lakini ile ilikuwa heshima..."

"Na kwenu kweli hiyo ni kupatana?"

Aseme uongo? Mbele ya serikali?

"Ni kweli," akasema.

Afisa akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Watu wote wangekuwa kama nyinyi, ningelala!"

"Basi kesho nirudi kazini?"

Kizito akacheka mpaka akajifuta macho. "Kupatana ni kupatana, mama. Mashuka bado yangu."

"Hayo muongee huko nje," afisa akasema. "Hapa kesi imekufa. Peaneni mkono."

Kizito akanyoosha wake bila kuinuka kitini. Pascasie alitaka kuutemea mate. Lakini mkono wa kulia ulishakwenda, wa kushoto ukaufuata kushika kiwiko, kama mama yake alivyomfundisha kuwasalimia wakubwa. Na magoti, magoti yale yasiyo na aibu, yakapinda.