Kona Nne za Keinan

Kama kuna mchezo ambao kocha wa timu ya Mkonge ya Thika angependa kuusahau, ni ule wa Garissa mwaka wa sitini na sita, siku winga wake wa kushoto alipogoma kupiga krosi. Hakugoma kwa mdomo. Kila alipofika mwisho wa uwanja, badala ya kuuinua mpira golini aliubamiza mguuni kwa beki ukatoka nje, na refa akaonyesha kona.

Winga huyo alikuwa Keinan wa mzee Abdille. Kwao alichunga ngamia, na ukitaka kujua alikotoa ule wepesi wa kugeuka bila kuanguka, muulize aliyewahi kukamua ngamia amesimama kwa mguu mmoja, chombo pajani. Miaka minane alicheza daraja la pili, asubuhi akisokota kamba kiwandani, jioni mazoezini. Jina lake halikuwahi kutajwa redioni hata kwa bahati mbaya. Aliupenda mpira vivyo hivyo, na alijua magoti yake hayana misimu mingi.

Tangu vita vya huko kwao vipambe moto, njia ya kwao ilikuwa imefungwa. Alisikia tu kwamba wafugaji wamekusanywa ndani ya seng'enge, ngamia wengi wamepigwa risasi, na baba yake ni mgonjwa. Mwaka mzima alilala na kuamka na swali moja: mzee yu hai? Basi wakubwa walipotaka mchezo wa kirafiki na askari wa kambi ya huko, ili watu waone hali imetulia, Keinan ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda lori. Lakini amri ni amri: mpira ukiisha, msafara unarudi papo hapo, na hakuna mchezaji wa kuingia kijiji cha ndani ya seng'enge.

Kijiji chenyewe kilikuwa nyuma ya goli ambalo Mkonge walilishambulia kipindi cha pili. Wanawake walijipanga kwenye waya kutazama. Nyuma tu ya bendera ya kona ya kushoto alisimama mama yake, Timiro. Alikuwa amekonda, jamani, mpaka Keinan alimtambua kwa namna alivyoinamisha kichwa.

Kona ya kwanza. Akainama kuuweka mpira.

"Hooyo, nabad?"

"Nabad, hooyo," mama akajibu, maana kina mama wa huko humwita mtoto kwa jina lao wenyewe, mama. "Watu wa Thika, nabad?"

"Nabad."

Refa akapuliza. Keinan akapiga hovyo, akaondoka mbio.

Mtu mwingine angeuliza lake akamaliza. Si kwao. Salamu ina ngazi zake: watu, mifugo, mvua, na mtoto anayeziruka mbele ya mamake hakulelewa. Na katika kila ngazi jibu ni nabad, amani, hata kama nyumba inaungua. Ukweli husubiri salamu ziishe.

Kona ya pili ikaishia kwa ngamia. "Nabad," mama akasema, na macho yake yakasema hakubaki hata mmoja. Kocha alikuwa anapayuka pembeni kama mnadi mbuzi.

Beki wa kulia wa askari, Mkamba mmoja mwenye mwanya, akamsogelea. "Wewe unacheza nini? Mara mbili ungenipita."

"Yule bale mama yangu," Keinan akasema. "Miaka miwili sijaona yeye. Nataka kujua kama baba iko hai."

 Mpira uliofuata ulipomfikia beki, akiwa peke yake, bila mtu wa kumkaba, alikuna kichwa, akautoa nje mwenyewe. Kona.

"Hooyo, mvua, nabad?"

"Nabad. Na magoti yako?"

"Nabad," alidanganya, kisha akamfikia baba. "Na aabo?"

Mama akafungua kinywa. Refa akapuliza kwa hasira, na mkwaju wa Keinan ukaenda moja kwa moja mikononi mwa kipa.

Zilibaki dakika mbili, bao hakuna. Kipa akamrushia beki yule yule. Akageuka, akaupeleka nje tena, na askari wenzake wakamtukania ukoo mzima.

"Hooyo, aabo?"

Timiro hakusema nabad. Alisema, "Kaa chini, hooyo."

Kwa kina Abdille, mtu aliyesimama hapewi habari ya msiba. Hukalishwa kwanza, ardhi imsaidie kuubeba. Keinan akakaa pale pale juu ya chaki, viatu vya mpira miguuni, mbele ya watu na serikali yao.

Refa akaanza kuja, kipenga mdomoni. Nyuma yake likapigwa yowe. Beki alikuwa chini katikati ya boksi, ameshika goti, anagaagaa, na hakuna aliyemgusa. Refa akasita, akageuka, akamwendea.

Timiro akapiga magoti upande wake wa waya, akapenyeza vidole viwili vikafika kichwani kwa mwanawe. "Alituacha Ijumaa, mwezi wa Safar," akasema taratibu. "Hakuteseka. Radhi zake amekuachia zote, akaniambia nikupe mwenyewe, nisimtume mtu." Kisha akaanza Fatiha, na Keinan akaifuata huku analia kama mtoto, wala hakuona aibu.

Beki alikataa kuinuka. Refa alimvuta mkono, mganga wa kambi akaja na ndoo, akammwagia maji mpaka akalowa. Kila mara aliinua kichwa kidogo, akatazama kwenye kona, akaona winga bado amekaa, akalala tena.